Kabureta Husingiziwa: Kutenganisha Ugonjwa wa Mafuta na Ugonjwa wa Moto Kwenye Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kukohoa, mshtakiwa wa kwanza huwa kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, skrubu zake zinazungushwa huku na huko, inarudishwa, na pikipiki inakohoa vilevile. Wakati mwingine inakuwa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa ina hitilafu mbili: ile ya asili, iliyokuwa kwenye plagi au koili siku zote, na mpya iliyoletwa na bisibisi.

Kosa hili lina sababu yake. Injini ya petroli inataka vitu vitatu vikutane ndani ya silinda: mchanganyiko wa hewa na petroli wenye uwiano unaofaa, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu, ile mafundi wanayoiita moto, inayoruka kwa wakati wake. Kikipungua kimoja, injini haina lugha nyingi za kulalamikia. Haiwaki, inakosa sailensa (mzunguko wa kutulia aksileta ikiwa imefungwa), inamisi (inaruka mapigo), inapiga mabomu kwenye ekzosi, au inazima njiani. Petroli ikipungua italalamika hivyo, na moto ukipungua italalamika hivyohivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kabureta ina nini, iulizwe kwanza kama ugonjwa wenyewe ni wa mafuta au wa moto. Swali hilo linajibika, na mara nyingi bila kufungua kitu chochote zaidi ya plagi.

Majaribio manne ya kutenganisha

Anza kwa kusikiliza namna injini inavyozima. Moto ukikatika, hukatika kama taa iliyozimwa kwenye swichi: injini ilikuwa inavuta, ghafla haivuti, na pengine inarudi kwa mshtuko uleule. Petroli ikipungua hutoa taarifa kwanza. Nguvu inafifia, injini inasita, inavuta kidogo, inasita tena, ndipo inazima. Kama pikipiki ina geji ya mizunguko inayotumia umeme wa koili, itazame wakati injini inakata. Mshale ukidondoka mpaka sifuri huku gurudumu bado linaizungusha injini, umeme umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, tafuta petroli.

Jaribio la pili ni choki. Injini ikiwa imepata joto na inasitasita kwenye mwendo wa kati, vuta choki kidogo bila kuachia aksileta. Ikichangamka, hata kwa sekunde chache, ilikuwa na njaa: petroli ni chache au hewa imezidi. Ikizidi kukohoa, ama petroli imeshazidi ama cheche ni dhaifu.

La tatu ni la pikipiki iliyogoma kuwaka kabisa. Fungua plagi, tia nusu kijiko cha chai cha petroli kwenye tundu, rudisha plagi, sogeza chombo cha petroli mbali, kisha piga kiki. Ikiwaka sekunde mbili tatu na kufa, moto upo na wakati wake haujapotea sana, kwa hiyo fuata njia ya petroli. Ikinyamaza kimya, usiguse kabureta bado.

Jaribio la nne ndilo linalosahauliwa sana, nalo ni la thamani kubwa. Kama injini inamisi inapobeba mzigo au aksileta ikifunguliwa yote, bana mwanya wa plagi kutoka milimita 0.7 hadi 0.4 hivi, kisha iendeshe kwenye hali ileile iliyokuwa inaisumbua. Kumisi kukiisha au kupungua sana, umeme wa kuruka mwanya ulikuwa hautoshi. Koili, kondensa, kofia ya plagi au njia ya umeme wa kwenda kwenye koili imechoka. Hakuna jeti (kipande chenye tundu dogo linalopimia petroli ndani ya kabureta) inayoweza kuponywa kwa kubana mwanya wa plagi. Ukishapata jibu, rudisha mwanya kama ulivyokuwa. Kubana plagi ni kipimo tu.

Mapacha wanaodanganya

Kuna dalili nne ambazo magonjwa mawili yanafanana kiasi cha kumpoteza hata fundi mzoefu, na ni vizuri kujua kwa nini yanafanana.

Ya kwanza ni pikipiki inayowaka vizuri, ina sailensa nzuri, lakini ikifunguliwa yote inakata. Wengi husema jeti kubwa imeziba, na inaweza kuwa kweli. Lakini umeme unaohitajika kuruka mwanya wa plagi huongezeka kadiri gesi inavyobanwa. Aksileta ikiwa imefungwa, silinda hupata hewa kidogo na mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo hata koili iliyochoka inamudu. Ikifunguliwa yote, silinda inajaa, shinikizo linapanda, na cheche inatafuta njia rahisi zaidi: inapenya ufa wa kofia ya plagi au inazima kabisa. Ndiyo maana cheche iliyoonekana ukiwa umeilaza plagi juu ya hedi (kichwa cha silinda) si ushahidi wa kutosha. Ikiwa hewani tu inaruka milimita 0.7 za plagi, hujui itafanya nini ndani. Kipimo bora ni kifaa cha kupimia cheche chenye mwanya mpana. Moto mzuri unapaswa kuruka kama milimita 6 kwenye hewa ya kawaida, ukiwa na rangi ya buluu na mlio wa kukatika. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu ni ya mashaka.

Ya pili ni pikipiki inayozima baada ya dakika 10 au 15, ikipumzishwa inawaka tena kama haikuwa na tatizo. Huenda tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limeziba. Petroli inashuka, hewa haiingii nafasi yake, utupu unajengeka mpaka petroli inakataa kushuka. Lakini pia huenda koili ina ufa ndani: ikipata joto inapanuka, waya unaachana au insuleta inavuja, ikipoa inarudi. Tofauti inapatikana palepale inapozima, kabla haijapoa. Fungua kifuniko cha tangi usikilize. Hewa ikiingia kwa mfyonzo na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, mkosaji ni kifuniko. La sivyo, pima moto hapohapo. Ukiisukuma mpaka nyumbani na kuipima koili baridi, itasoma vizuri na itakudanganya.

Ya tatu ni sailensa inayobaki juu: unaachia aksileta, mizunguko inakawia kushuka. Hapo hutuhumiwa waya wa aksileta, halafu kabureta. Waya ukaguliwe kweli, na usukani uzungushwe kushoto na kulia injini ikiwaka. Mizunguko ikibadilika, waya umepita vibaya au umebana. Waya ukiwa safi, wabaki wawili. Hewa inayopenya kwenye mpira unaounganisha kabureta na hedi hufanya mchanganyiko uwe mwepesi, yaani wenye petroli pungufu, na mizunguko ielee. Na kwenye pikipiki za pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili moto uruke), vile vizani viwili vinavyosogeza wakati wa moto mbele kadiri mizunguko inavyopanda vinaweza kushikwa na kutu, au springi zake kulegea, vikabaki vimefunguka. Moto unaoruka mapema huipandisha sailensa hata kama kabureta haina kosa lolote. Zungusha kamu ya pointi kwa vidole: isogee kidogo na irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, umempata mkosaji kabla ya kuchafua mikono kwa petroli.

Pacha wa nne amewaharibia wengi kabureta zao. Plagi inatoka nyeusi, ina masizi makavu. Kanuni ya kila mtu inasema petroli imezidi, basi jeti inapunguzwa. Lakini mchanganyiko uliopimwa sawasawa usipowashwa vizuri na cheche dhaifu unaacha masizi yaleyale. Filta ya hewa iliyojaa vumbi nayo inafanya hivyo, na plagi yenye daraja la baridi mno hivyohivyo. Anayepunguza jeti kwa sababu ya plagi nyeusi bila kupima moto anaifanya injini iende na petroli pungufu. Siku akibadilisha koili, ataunguza pistoni.

Vitu vya kuondoa mashaka kwanza

Mgandamizo upimwe aksileta ikiwa wazi yote, la sivyo geji itasoma chini bure. Injini nyingi za viharusi vinne zenye afya husoma kati ya baa 8 na 12, lakini namba ya mtengenezaji ndiyo hakimu. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda wazi, ringi zimechakaa, isipopanda, vali hazifungi. Vali zilizobana kupita kiasi huleta ugumu wa kuwaka injini ikiwa ya moto, na hakuna skrubu ya kabureta inayoweza kuzitibu. Zisetiwe injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwisho wa kiharusi cha mgandamizo.

Petroli iliyokaa miezi kadhaa imwagwe. Sehemu nyepesi, zile zinazosaidia kuwaka kwa baridi, zimeshapotea kwa mvuke, na kinachobaki kinageuka gundi ya kahawia kwenye matundu madogo. Petroli yenye ethanoli huvuta maji na kuchosha mipira ya kizamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Filta ya hewa isafishwe au ibadilishwe, na iwe mahali pake: kabureta imepimwa pamoja na boksi lake la hewa, na kuliondoa ni sawa na kubadilisha jeti zote kwa mpigo mmoja.

Nusa pia oili ya injini. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda juu ya alama, petroli imekuwa ikivuja kupitia kabureta usiku kucha. Mwaga oili hiyo kabla ya kuwasha.

Kufuata moto kutoka plagi kurudi nyuma

Plagi mpya ya aina sahihi ndiyo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Plagi ikishalowa petroli mara kadhaa huwa haiaminiki tena hata ikikauka na kusuguliwa. Inaweza kutoa moto nje na kukataa ndani. Mwanya wa pikipiki nyingi za pointi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Angalia daraja la joto kwa makini, kwa sababu watengenezaji hawahesabu upande mmoja: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch na Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Anayenunua kwa kulinganisha namba tu anaweza kupata kinyume kabisa cha alichotaka.

Kofia ya plagi huzungushwa kwenye waya mnene kwa skrubu iliyomo ndani yake. Ing'oe, kata kama milimita 5 za waya mpaka ukute shaba inayong'aa, uirudishe. Nyingi zina kizuizi cha omu 5,000. Ikisoma makumi ya maelfu au haisomi kabisa, itupe. Baada ya hapo washa injini kwenye giza totoro na unyunyizie maji ya ukungu kwenye waya na koili. Cheche za buluu zikionekana zikitembea juu ya plastiki, umeona umeme unaotakiwa plagini ukipotea.

Koili hupimwa kwa mita, waya zake zikiwa zimechomolewa. Koili ya volti 12 ya mfumo wa pointi kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5 upande wa kwanza. Ile ya mfumo wa CDI (moto wa kielektroniki usio na pointi) husoma chini ya omu 1, kwa hiyo hazibadilishani. Upande wa pili, bila kofia ya plagi, husoma maelfu, mara nyingi kati ya 6,000 na 15,000. Mita inaweza kuihukumu koili iliyokufa, lakini haiwezi kuisafisha iliyo mgonjwa: betri ndogo ya mita haiigizi maelfu ya volti.

Kabla ya kununua koili, pima volti zinazoifikia. Pointi zikiwa zimefunga na swichi imewashwa, linganisha volti za betri na volti za teminali ya koili. Zikitofautiana zaidi ya nusu volti, zinapotea njiani: swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia kwenye usukani, viunganishi vyenye kutu ya kijani. Pikipiki ya miaka 40 inaweza kupoteza volti 2 hivi, na koili nzima inaonekana mbovu. Jaribu kupeleka waya wa muda moja kwa moja kutoka chanya ya betri hadi koili. Pikipiki ikipona, umegundua waya zake zinahitaji kusafishwa, na pesa ya koili imebaki mfukoni. Usiache tu swichi ikiwa imewashwa muda mrefu pointi zikiwa zimefunga, kwa maana koili inachemka.

Erthi nayo ni nusu ya njia. Rangi mpya chini ya bolti ya koili au ya injini inatosha kuzuia umeme kurudi kwenye betri. Kwangua mpaka chuma kionekane.

Pointi zenyewe zinataka uso safi, bapa, na mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 kwenye nafasi zinapofunguka zaidi. Zisuguliwe kwa tupa laini, kisha pitisha karatasi safi katikati ili mafuta na chembe zitoke. Chembe za msasa zilizobaki zinaziunguza upya. Mwanya usetiwe kwanza, wakati wa moto baadaye. Ukigeuza mpango huu kazi inaharibika, kwa sababu mwanya ukipanuka pointi hufunguka mapema na moto unasogea mbele, ukibanwa unachelewa. Ndiyo maana pikipiki ambayo kisugulio chake cha pointi kimelika huchoka polepole bila mtu kuona: mwanya unajifunga, moto unachelewa, injini inachemka na nguvu inapungua, na lawama inaangukia jeti.

Kwa mfumo wa betri, wakati wa moto unapimwa kwa taa ndogo ya volti 12. Mguu mmoja kwenye waya wa pointi, mwingine kwenye fremu, swichi imewashwa, plagi zimetolewa ili injini izunguke kirahisi. Zungusha upande injini inakoenda, polepole, mpaka alama ya F, ile ya wakati wa moto, ilingane na alama ya bodi. Taa iwake hapohapo. Ikiwaka kabla, moto umetangulia, na kiki itakurudisha mguu. Ikiwaka baada, umechelewa. Magneto isiyotumia betri haipimiki hivi, kwa sababu taa inashindana na koili iliyoungana na fremu. Huko tumia ukanda wa karatasi nyembamba kati ya pointi, uuvute kidogo kidogo, na uachiwe kwenye alama.

Kondensa ni kidude kidogo chenye fitina kubwa. Kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapofunguka ili usiruke hapo, na koili ikate ghafla. Zile za pointi nyingi ni za mikrofaradi 0.2 hadi 0.3. Ikichoka, utaona cheche nene za buluu zikiruka kwenye pointi injini ikiwaka, nyuso zinaungua ndani ya siku chache, na moto wa plagi unadhoofika. Pointi mpya zilizoungua haraka ni barua kutoka kwa kondensa.

Mfumo wa CDI hauna pointi za kuseti, ila una mtego wake. Swichi ya kuzimia kwenye pikipiki hizi kwa kawaida haikati umeme. Inaupeleka kwenye fremu. Waya wake ukichubuka mahali fulani chini ya tangi na kugusa chuma, pikipiki haina moto, na boksi la CDI linalaumiwa. Chomoa waya huo wa kuzimia kwenye boksi kwanza. Moto ukirudi, umemaliza, ila kumbuka sasa injini haitazimika kwa swichi. Usiporudi, pima koili ya kuchaji na ile ndogo ya kutoa ishara kwenye magneto, ulinganishe na namba za modeli hiyo, maana zinatofautiana sana. Boksi lenyewe halina kipimo cha uhakika kwa mita ya kawaida. Linahukumiwa la mwisho, kwa kuwekewa jingine lililo zima. Na usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma: umeme usiopata pa kutokea unaweza kupasua ndani ya koili au boksi.

Petroli kutoka tangini

Hapa ndipo kabureta inapopata zamu yake, na bado si ya kwanza. Chomoa paipu kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungua koki. Petroli itoke kwa mkondo usiokatika kwa dakika nzima, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Ikianza vizuri na kufifia, kifuniko hakipumui. Ikidondoka tangu mwanzo, chujio ndani ya tangi au koki imeziba. Koki zinazofunguliwa na mfyonzo wa injini hazitatoa kitu zikiwa kwenye nafasi ya kawaida. Ziweke kwenye nafasi ya PRI, inayopitisha petroli bila mfyonzo. Chomoa pia paipu yake ndogo ya mfyonzo. Petroli ikionekana humo, kiwambo cha mpira ndani ya koki kimetoboka na injini inanyonya petroli isiyopita kwenye kabureta kabisa. Hiyo plagi nyeusi haitaponywa na jeti yoyote duniani.

Baada ya hapo angalia kiwango ndani ya bakuli la kabureta. Njia nzuri ni paipu inayoona, iliyovikwa kwenye tundu la kumwagia, ikainuliwa kando ya bakuli. Fungua skrubu ya kumwagia na petroli itasimama kwenye paipu kwa kimo kilekile kilichomo ndani. Linganisha na kipimo cha modeli. Boya linalosikika petroli ikicheza ndani limetoboka. Sindano ya boya yenye mpira uliochongeka mstari wa mviringo kwenye ncha haifungi tena, hata ikisafishwa. Ukipima kimo cha boya kwa rula, inamisha kabureta mpaka ulimi wa boya uguse pini ya sindano bila kuikandamiza springi yake. Wanaoigeuza juu chini kabisa wanapata namba ya uongo.

Ndani ya kabureta

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike namba. Usiikaze, ncha yake huvunjikia ndani. Chini yake kuna springi, washa na mpira mdogo wa mviringo, na mpira huo hupenda kubaki ndani ya tundu. Ukiusahau, ukaweka mwingine juu yake, skrubu haitatii. Skrubu za pikipiki za Japani zinafanana na za nyota za kawaida lakini umbo lake ni tofauti. Bisibisi isiyo yake inazichuna vichwa.

Jeti ndogo ya sailensa ina tundu la kama milimita 0.4, dogo kiasi kwamba gundi ya petroli moja iliyooza inalifunga. Lielekeze kwenye mwanga: uone duara kamili. Usitumie waya wa chuma, unakwangua shaba na kupanua tundu. Uzi mmoja wa waya laini wa shaba na hewa ya pampu vinatosha. Kosa la kawaida ni kusafisha jeti na kusahau njia inayotoka humo. Puliza dawa ya kusafishia mahali jeti inapokaa, ukivaa miwani, uone inatokea kwenye vitundu vidogo karibu na kilango cha kabureta. Isipotokea, kabureta bado ni chafu hata kama inang'aa. Mipira yote na kiwambo vitolewe kabla ya dawa, maana inavivimbisha.

Kabureta zenye kiwambo zina ugonjwa wao: kikitoboka, slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) haipandi na nguvu inaisha katikati ya aksileta. Inua slaidi kwa kidole, ziba tundu la hewa lake, uiachie. Inashuka polepole kiwambo kikiwa kizima, ikidondoka, kimetoboka.

Plunja ya choki yenye mpira uliochakaa nayo inavuja petroli muda wote. Na wanaozungusha aksileta wakati wa kuwasha kwa baridi wajue kwamba choki ya aina hii hufanya kazi kwa mfyonzo uliopo aksileta ikiwa imefungwa, ukifungua, umeizima.

Aksileta inasema kosa liko wapi

Bandika utepe kwenye mkono wa aksileta na uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Kuanzia kufungwa hadi robo hivi, anayetawala ni jeti ndogo na skrubu yake, akisaidiwa na mkato wa slaidi. Kati ya robo na robo tatu, sindano. Kutoka robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa. Kinachohesabika ni aksileta imefunguliwa kiasi gani, wala si mwendo wa pikipiki. Kutetereka nusu aksileta hakutatibiwa na jeti kubwa. Kukiwa na uzito wa petroli kwenye robo hadi nusu na kila kitu kingine kikiwa sawa, tazama bomba dogo ambamo sindano inapita: miaka mingi ya kusuguana hulifanya yai badala ya duara, na jicho halioni. Libadilishwe pamoja na sindano. Klipu ya sindano ikishushwa, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ngazi moja kwa wakati.

Ukinunua jeti, usilinganishe namba za kabureta za Keihin na za Mikuni. Hazihesabu kwa njia moja.

Mpira wa kuunganisha kabureta na hedi ukunje kwa vidole: nyufa zake hujificha mpaka uukunje. Injini ikiwa na sailensa, pulizia oili nyepesi kidogo kwenye kiungo hicho. Mizunguko ikibadilika, hewa inapenya hapo. Fanya hivyo mbali na cheche na bomba la moto.

Kuseti sailensa ni kazi ya mwisho, injini ikiwa imeendeshwa dakika 10. Jua kwanza una skrubu gani. Ikikaa upande wa filta ni ya hewa, ukiifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikikaa upande wa injini ni ya petroli, ukiifungua unakuwa mzito. Anza na mzunguko mmoja na nusu, zungusha robo robo huku ukisubiri sekunde kadhaa, utafute mahali mizunguko iko juu zaidi, kisha ishushe kwa skrubu ya slaidi mpaka kama 1,200 kwa dakika. Mabomu kwenye ekzosi unapoachia aksileta yanaashiria wepesi upande wa jeti ndogo, au gasketi ya ekzosi kwenye hedi inavuta hewa. Kagua gasketi kwanza.

Kwa pikipiki ya silinda mbili au zaidi, kabureta zinasawazishwa kwa geji za utupu baada ya vali na moto kusetiwa, kwa sababu geji haiwezi kutofautisha kabureta iliyofunguka kidogo zaidi na vali iliyobana.